Kanga ya Bibi Kwenye Kamba

Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa ajili ya korona, mwanangu alikuwa na miaka mitano na hajatimiza hata miezi mitatu darasa la awali. Alirudi nyumbani kwetu Makorora, Tanga, na penseli iliyotafunwa kichwa na daftari ambalo karibu kila ukurasa ulikuwa na duara jekundu. Ndani ya duara ni herufi ileile: z, imegeuka nyuma mbele.

Nikaona ni juu yangu kumnyoosha. Kila baada ya chakula cha mchana tulikaa barazani, ba be bi bo bu, za ze zi zo zu, mkononi nimeshika ufutio. Silabi alizipenda, tena aliziimba. Tatizo mkono. "Siyo hivyo, geuza huku." Anafuta, anaandika, imegeuka tena. Anafuta mpaka karatasi inatoboka. Siku moja alisukuma daftari akaniambia, "Mama, z hainipendi." Neno lile lilinichoma, na bado kesho yake nikaja na ufutio.

Akiniponyoka alikimbilia uani na kipande cha mkaa. Ukuta wote ulikuwa wake. Baba yake alimchora kichwa kikubwa kama sinia, miguu imetokea kidevuni, mikono masikioni. Nikamuuliza tumbo la baba liko wapi. Akafikiri, akaweka nukta katikati ya ile miguu miwili. "Kitovu hiki hapa."

Siku ninayoikumbuka ilikuwa mwezi wa Mei, masika imetupa jua la asubuhi. Mama yangu alikuwa amefua kanga yake, akaianika kamba ya uani, ndani nje, ili rangi isipauke. Mimi nachambua mchele. Mtoto amesimama mbele ya kanga, kidole juu.

"I... zo... u..." Akanyamaza. "Mama, hii haisomeki."

"Iache, hayo maandishi ya wakubwa." Sikuinua hata macho kwenye ungo.

Hakuiacha. Nikasikia miguu yake ikihama, kisha sauti ndogo: "We. We-ma. Wema." Kimya. "Ha. U. O." Kimya kirefu kuliko vyote. "Zi. Hauozi. Bibi! Wema hauozi!"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani kamwambia?" Mimi nilidhani ni yeye. Herufi kubwa shule walikuwa hawajafika. Nadhani alizidokoa kwenye mifuko ya unga na ubavuni mwa daladala. Nikaweka ungo chini nikaifuata kanga, na hapo ndipo nilipoona alichokuwa anapambana nacho. Kanga ilikuwa imegeuzwa, kwa hiyo maneno yalikuwa yanakwenda kutoka kulia kuja kushoto. W, M, A, H, U, O na I hazina kinyume, utaziona vilevile upande wowote. Zilizogeuka zilikuwa mbili tu, E na Z. Na ile Z ilikuwa ileile ya kwenye daftari lake, yenye duara jekundu.

Nikamuuliza amejuaje kuwa hii ni z. Alinishangaa. "Si z, Mama? Inatazama kule tu."

Kikombe ni kikombe, mkono wake uelekee kulia au kushoto. Kwa miaka yake mitano kila kitu alichokishika kilikuwa hivyo, na hakuna mtu, hata mimi, aliyemweleza kwamba herufi ndizo zenye mwiko wa kugeuka. Nilikuwa nimemfutisha wiki nane bila kumwambia jambo hilo moja.

Mama hakuwa na habari ya kulia wala kushoto. Yeye kusoma alikupatia kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 70, ameshakuwa mama wa watoto. Aliitoa kanga kambani ikiwa bado mbichi, akamfunga mjukuu wake lubega. "Mke mwenzangu," akamwambia, sauti inatetemeka, "mimi neno refu kama hilo lilinitoa jasho wiki nzima."

"Nikuchore, Bibi?"

"Nichore."

Akachukua mkaa, lubega linaburuta chini. Akachora kichwa, akateremsha kitu kirefu kama gunia, ndipo akaweka miguu. Chini ya gunia akaandika WEMA, E inatazama kushoto. Ufutio ulikuwa barazani, niliuacha hukohuko.

Ila sikuweza kunyamaza. Miezi yote ile hajawahi kumchora mtu mwenye kiwiliwili. Nikamuuliza mbona Bibi leo ana tumbo.

"Sasa kanga ataifunga wapi?"