Jinsi Nilivyoacha Kuchafua Michoro Yangu ya Milango

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikichora milango ya nakshi ya Mji Mkongwe kwa kalamu moja tu ya risasi, ya 6B, na kila nilipomaliza mfaa, yaani ubao wa katikati ya mlango, na kuanza misumari ya shaba, kiganja changu kilikuwa kimeshapaka weusi juu ya maua yote niliyoyachora kwa uangalifu. Nililaumu karatasi, kisha nikalaumu jasho.

Kosa lilikuwa kwenye kalamu. Ndani yake hamna risasi hata chembe, ingawa jina limebaki. Mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na mstari wake hafifu, nayo hutiwa alama ya H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi, nayo hutiwa B. Namba inavyopanda ndivyo sifa hiyo inavyozidi, na HB na F zimekaa katikati.

Sasa naanza na 2H, kwa mkono mwepesi sana, kwa sababu ukiikandamiza huacha mfuo ambao raba haiuondoi. Nakshi naikamilisha kwa HB, na 4B naiweka mwisho kabisa, kwenye vivuli vya ndani ya petali za yungiyungi tu, nikitoka kushoto kwenda kulia huku kipande cha karatasi safi kikiwa chini ya kiganja. Mlango wa mwisho niliouchora, kule Shangani, umebaki mweupe pale panapostahili weupe.