Nilivyojifunza kuchuma zabibu za Jurançon

Nilikulia Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na tulizoea kumaliza mstari wote bila kubakiza kichala. Nilipopata kibarua cha mavuno Jurançon, kusini mwa mji wa Pau nchini Ufaransa, ilinibidi kuianza kazi upya, kwa sababu huko kujua kichala cha kuacha ni sehemu ya ustadi.

Mashamba yenyewe yako kwenye vilima vilivyo chini ya milima ya Pyrenees, na mizabibu hupandishwa juu kwenye nyaya ili machipukizi yasiunguzwe na baridi. Aina za asili zinazotegemewa zaidi ni mbili. Gros Manseng huvunwa mapema na kutoa sehemu kubwa ya mvinyo mweupe usio na utamu. Petit Manseng, yenye punje ndogo, ganda nene na maji machache, ndiyo inayoupa mvinyo mtamu wa huko sifa yake. Ganda hilo huiwezesha kukaa mtini hadi Novemba, huku upepo wa joto utokao kusini, upande wa Hispania, ukizikausha punje polepole. Maji hupungua, sukari hukolea, lakini uchachu haupotei. Ndiyo maana mvinyo huo haukinaishi, na kwa maoni yangu hakuna zabibu nyeupe inayostahili subira kuliko hii.

Mwenye shamba, mama wa makamo, alinifundisha kwa vitendo. Alikipokea kichala kwa kiganja kutoka chini, bila kukivuta, akakigeuza nione upande wa nyuma. Upande wa jua ulikuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea na ngozi iliyonywea, ilhali wa nyuma ulikuwa bado wa kijani, punje zimejaa. Kichala kile tulikiacha. Kuanzia hapo sikuiamini tena rangi ya mbele: nilibonyeza punje ya nyuma, nikaitafuna, na nilipoona utomvu unanata midomoni na mbegu imekuwa kahawia, ndipo nilipotia mkasi. Penye harufu ya siki nilizitoa punje zilizoharibika moja moja, kwa kuwa chache tu zinatosha kuchafua ndoo nzima.

Kanuni za jina la Jurançon, linalolindwa kisheria tangu 1936, zinataka zabibu za mvinyo mtamu zichumwe kwa mkono, kwa kulipitia shamba zaidi ya mara moja. Ni kazi ya gharama, hasa kwenye miteremko mikali ambako ndoo huelemea upande mmoja, ila sioni njia nyingine ya kuutendea haki mzabibu ambao vichala vyake haviivi kwa pamoja. Tulipolirudia shamba, vichala vingi tulivyoviacha vilikuwa vimenywea pande zote mbili, na yule mama akanikabidhi mstari mzima niuchague mwenyewe.