Kaseti ya mjomba, mama wa Kifaransa na tangazo la kifo

Miaka mingi sana nilikua najua De La Soul ni bendi ya Kongo, kumbe ni kundi la rap la Marekani. Msinicheke. Kaseti za mjomba zilikaa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda pale Igombe, kuna Franco, kuna Les Wanyika, Mbaraka Mwinshehe, kwaya mbili tatu za bibi, alafu moja imeandikwa kwa biki ya bluu DELA SOL, na ukiiweka humo ndani kuna mama anaongea Kifaransa taratibuuu kama anafundisha darasa. Sasa mtoto wa Igombe afikirie nini? Kongo moja kwa moja.

Mjomba kipindi hicho alikua utingo wa lori la Mwanza–Dar, kaseti alirekodiwa na jamaa huko Kariakoo, kipande cha album tu sio yote. Baada ya huyo mama inaanza nyimbo ina mluzi, mluzi mtamu kishenzi, na mimi nikawa naupiga mpaka usiku bibi ananifokea kwamba naita nyoka. Alafu katikati ya ule mluzi, kap! linaingia tangazo la kifo. La redioni kabisa, sauti ile nzito, ndugu na jamaa wa Misungwi, Sengerema na Geita wajulishwe popote pale walipo. Jina la marehemu halisikiki, pale utepe ulishatafunwa na redio ukanyooshwa kwa mkono. Alafu kap! tena, nyimbo inaendelea kama hakuna kilichotokea.

Na mimi nikajua ndo ilivyo. Yani kwa akili yangu ile ilikua ni part ya nyimbo.

Kilichonishangaza ni kwamba kaseti zingine zote mjomba alikua hana noma nazo, ukitaka kurekodi mpira juu ya kwaya we rekodi, bibi atakasirika mwenyewe. Ila hiyo ya DELA SOL alivunja kabisa vile vipande viwili vya plastiki pale juu ili isirekodike. Hatukuuliza kwanini. Nani anamuuliza mjomba.

Sasa nije kwenye mambo ya rap yenyewe. Nimesoma sekondari hapahapa Mwanza na kipindi hicho kila mtu alikua msanii. Kuna siku ya kufunga shule nikapanda jukwaani na mistari yangu niliyoiandika wiki nzima, bastola, polisi wananisaka, maisha ya geto. Bastola sijawahi kuiona mpaka leo. Na geto kwa sisi Wabongo si chumba cha kupanga cha msela, godoro chini na sufuria moja, mimi hata hicho sikua nacho nilikua nalala kwa bibi na wajukuu wengine watano. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikua nimeshinda nageuza dagaa wa mama kwenye mchanga, mana usiku giza lilikua zuri na wavuvi walipata, na mwezi ukishakua mkubwa hawaingii ziwani kwaiyo ukiwa na dagaa huchezi. Nikanawa haraka nikakimbia shule. Nimefika ubeti wa pili, nimekaza sura, mkono juu, jamaa mmoja nyuma akapiga kelele "DAGAAA!" Ukumbi mzima chini. Nilikua nanuka, kumbe.

Nikaacha kurap siku ile. Sijutii sana, nilikua mbovu.

Ila ndo mana 2023 nilivyoisikiliza ile album nzima kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kama nusu saa hivi. 3 Feet High and Rising, album ya kwanza ya De La Soul, imetoka 1989. Jamaa watatu, Posdnuos, Trugoy na Maseo, madogo waliosoma pamoja Amityville, Long Island, nje ya jiji la New York, sehemu za nyumba zenye majani mbele sio maghorofa ya uswahilini. Na kipindi kile rap imeshaanza kuwa na yunifomu, cheni nene za dhahabu, sura ya mtu alieibiwa. Kundi la N.W.A wamewasha moto huko Compton, California, kundi lingine la Public Enemy wanapigana na serikali. Hawa watatu wakaja na kava ya njano imejaa maua. MAUA jamani. Wanaimba nyimbo nzima kuhusu mtu kunuka na umuhimu wa sabuni (mimi hapo nilipause nikacheka peke yangu kwenye daladala ya Nyegezi), kuna nyingine wananong'ona tu wanapeana umbea kwamba fulani ana mba, na fulani nae ana mba, mpaka wewe msikilizaji una mba. Kuna nyimbo wanapiga stori na mamba, kindi, samaki na nyani, yani hadithi ya bibi kabisa ile ila kwenye biti.

Video ya Me Myself and I ndo imemaliza kila kitu. Ni darasa. Mwalimu anafundisha watu kuwa marapa, wanafunzi wamevaa kirapa rapa, hawa watatu wamekaa wanaonekana washamba na wanasemwa. Mi nikasema hii ndo ile siku yangu ya kufunga shule, tofauti wao hawakukimbia.

Majina yao sasa. Wale mliocheza utotoni mnakumbuka kuongea kinyume, kaseti inakua tikase, samaki kisama, ili wakubwa wasielewe. Trugoy ni hivohivo, ligeuze unapata yogurt, mtindi, kwasababu jamaa alikua anapenda mtindi. Posdnuos ukiligeuza unapata soundsop. Rapa mkubwa duniani anajiita Mtindi kwa kinyume, na mimi nilikua naona aibu ya dagaa.

Alietengeneza biti pamoja nao ni Prince Paul, alikua DJ wa kundi la Stetsasonic. Na hapa naomba nikae kidogo, mana watu wakiongelea hii album wanaongelea maua tu alafu wanapita. Kusampo, yani kukata kipande cha nyimbo ya mtu na kukipika upya, marapa walikua wanafanya tayari, ila wengi walikua wanachota kwenye kisima kimoja, James Brown, yule mzee wa funk, na ndugu zake. Hawa wakaenda kwenye sahani za santuri za wazazi wao majumbani. Jina lenyewe la album limetokana na nyimbo ya Johnny Cash ya mafuriko, Five Feet High and Rising, mzee wa kantri yule. Kwenye nyimbo ya Eye Know kuna bendi ya rock ya Steely Dan, na ule mluzi wangu wa nyoka kumbe ni wa Otis Redding, muimbaji wa soul wa zamani. Nyingine imebeba Hall and Oates, wazungu kabisa wa pop. Kuna kipande cha sekunde kama 48 ambacho ni neno rock tu limekatwa kutoka rekodi tofauti tofauti likaunganishwa, mtu wa Rock City, yani Mwanza yetu ya mawe, hicho kipande inabidi akisikilize mara mbili, ni wajibu.

Ndo nikaelewa. Wenzetu hawakwenda kutafuta mtaa wa mtu mwingine waurap. Waligeuza kilichokua sebuleni kwao. Na sebuleni kwetu si kulikua na lile boksi la viatu? Saivi kuna madogo hapa Mwanza wanapiga mistari mikali sana, Fid Q ameshaonyesha kitambo kwamba unaweza kutokea hapahapa na nchi nzima ikakaa kimya kukusikiliza, ila bado nikipita studio za uchochoroni nakuta dogo wa Mabatini anarap kama amezaliwa Atlanta, na ukimwambia weka mlio wa kengele za Wasukuma hapo anakuangalia kama umemtukana mama ake.

Sio kwamba album haina makosa. Ina vipande 24 na kama vitano hivi ningevikata mwenyewe kwa mkasi. Kile cha miguno nakirukaga, na ndani ya album kuna mchezo wa maswali kama wa redioni, kuku ana manyoya mangapi, mara ya kwanza unacheka, mara ya nne unachoka. Na watu wanaosema hawa ni wa maua na mapenzi tu hawajasikiliza, kuna Ghetto Thang humo, kuna Say No Go inayoongelea madawa na mtoto anaezaliwa kwa mama alieharibikiwa, sio utani. Wenyewe walichukia kuitwa mahipi. Album ya pili 1991 wakaiita De La Soul Is Dead na kavani wakaweka chungu cha maua kimeanguka kimevunjika. Kichaa hicho nakikubali.

Sasa kwanini mimi, mtu mwenye simu na bando, nisubiri mpaka 2023? Ni yule mama wa Kifaransa. Kweli tena. Kile kipande kinaitwa Transmitting Live from Mars, ni kidogo tu, dakika moja na kitu, sauti ya masomo ya Kifaransa juu ya muziki uliopunguzwa spidi wa kundi la zamani la The Turtles. Hao Turtles wakaja juu, 1991 wakawashtaki, mambo yakaishia nje ya mahakama. Mwaka huohuo hakimu akampiga rapa Biz Markie kwenye kesi nyingine ya sampo, na kuanzia hapo kila kipande inabidi kiombewe ruhusa na kilipiwe, album yenye vipande kila kona kama ile hakuna tena wa kuitengeneza hata awe na hela za mafuta. Alafu zile ruhusa chache zilizokuwepo ziliandikwa enzi za santuri na kaseti, hakuna aliewaza intaneti. Kwaiyo dunia ilivyohamia kwenye simu De La Soul wakabaki ng'ambo kama abiria alieachwa na kivuko.

Februari 2014 waliamua tu kugawa album zao bure mtandaoni kwa saa 25. Mimi nikapata habari baada ya siku mbili, kama kawaida. Baadae kampuni yao ya zamani, Tommy Boy, ikanunuliwa 2021, mazungumzo yakaanza upya, na tarehe 3 Machi 2023 ndo album zikaingia rasmi mtandaoni. Trugoy alifariki tarehe 12 Februari 2023, akiwa na miaka 54. Hesabu mwenyewe, hata wiki tatu hazikufika.

Desemba nikaenda Igombe. Mjomba saivi ana mtumbwi wake, yupo chini ya mwembe anashona nyavu, ameweka miwani puani ile ya kusomea. Kaseti haipo tena, ilikufa na redio. Nikamwambia mjomba nimeipata ile DELA SOL yako, nzima, akasema acha uongo. Nikawasha kispika cha blutuu nikaanzia kwa mama wa Kifaransa.

Akatabasamu hata hajanyanyua kichwa. Mluzi ulivyoingia akaupiga na yeye, mchana ule hakuna nyoka. Tukawa wote tunaelekea palepale, najua anajua, mkono wenye sindano ya nyavu umesimama hewani. Nyimbo ikapita. Hakuna kap.

"Na lile tangazo?"

Nikamwambia halikuwemo mjomba, lile ulirekodi wewe kwa bahati mbaya.

"Bahati mbaya?" Akavua miwani. Akasema yule alikua dereva wake. Lori liliwamwaga wakitokea Dar, yeye akatoka na mkono, dereva akafia hospitali. Redio ilikua inasoma matangazo usiku ule, akataka jina la yule mzee asilipoteze, na kaseti iliyokua ndani ya redio ni ile, ile ya kwao ya njiani, ndo wakisikilizaga kwenye lori. Akabonyeza.

Alafu mwaka uleule utepe ukajinasa palepale kwenye jina.

Mi sikua na cha kusema. Boti ya dagaa ilikua inasukumwa majini, watoto wanagombana kwenye kamba. Nyimbo ikaisha ikaanza nyingine ile ya kuwavua watu nguo za fasheni, mjomba akaisikiliza kidogo, akavaa miwani, akaingiza sindano kwenye tundu.

"Rudisha kwa mama," akasema.