Nilivyofanya mpaka ofisi ya msajili ikaukubali mfumo

Nafanya kazi chuo kikuu kimoja cha serikali hapa Tanzania, nilianzia kitengo cha tehama halafu 2017 nikapelekwa ofisi ya msajili kusimamia mfumo wa taarifa za wanafunzi. Mwaka ule TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, iliachana na udahili wa pamoja uliokuwepo tangu 2010, waombaji wakarudi kuomba chuo kimoja kimoja, yaani mzigo wote ukaja kwetu, na huku serikali nayo inataka malipo yaingie kwa control namba, ile namba ya kumbukumbu ya kulipia serikalini. Kompyuta zipo, intaneti ipo, mfumo uko kwenye seva, ila maafisa hawautumii, kila kitu bado jalada na mhuri.

Kule tehama tulikuwa na maelezo yetu, kwamba wazee wanaogopa kompyuta kwahiyo tuwape mafunzo. Mafunzo yakafanyika, watu wakasaini mahudhurio, kesho yake wako na majalada yao kama kawaida. Nilivyohamia pale ndani nikaanza kuona mambo tofauti maana hao hao wazee wanatuma hela kwa simu kila siku, wana magrupu ya WhatsApp ya ukoo na ya kanisa, na kijana mdogo kuliko wote pale ofisini ndo alikuwa mgumu kupita wote kwa sababu alisikia mfumo ukikaa vizuri watapunguza watu.

Kuna mama mmoja afisa mwandamizi wa mitihani, yeye ndo alinifungua macho. Nilimuamkia nikaomba nikae nae aniwonyeshe marekebisho ya maksi yanapita wapi. Akafungua jalada, barua ya mwalimu hii hapa, dokezo la mkuu wa idara, muhtasari wa bodi ya mitihani, kila karatasi ina namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kwenye kona ya juu, ina saini, ina tarehe. Akaniambia, "Mwanangu, kwa hili jalada mimi nalala usingizi. Sasa huko kwenye mfumo wenu mtu akiigeuza C kuwa B usiku, kamati itamwita nani?" Hilo swali halikuwepo popote kwenye mafunzo yetu, na kwa kweli ni swali la mtu anayeijua kazi yake.

Nikarudi kwa vijana wa programu tukabadilisha ule ukurasa wa marekebisho. Huwezi kugusa maksi bila kuandika namba ya jalada na folio ya dokezo lililoruhusu, anayeingiza hawezi kuwa huyo huyo anayeidhinisha, na maksi ya zamani haifutiki, inabaki pale na jina la aliyebadilisha, tarehe na saa. Nikampelekea yule mama kwanza, kabla hata bosi hajaona. Akajaribu makusudi kubadilisha maksi bila kibali, mfumo ukamkatalia, akawaita wenzie waje waone. Kuanzia hapo yeye ndo akawa mwalimu wao, mimi nikawa nakaa pembeni.

Wakubwa nao walikuwa na lao. Bosi mmoja alimpa sekretari paswedi yake ya mfumo, yeye anataka aprintiwe asaini kwa kalamu. Watu walimlaumu sana ila ukikaa nae karibu utamuelewa, mtu anashinda kwenye vikao, seneti leo, kamati ya ajira kesho, hana muda wa kufungua ombi moja moja. Tukampa sekretari akaunti yake mwenyewe, anaandaa orodha, mzee anaipitia jioni na kuidhinisha kwa simu yake. Halafu tukaweka kukaimu, akisafiri mfumo unajua nani anakaimu toka tarehe fulani mpaka fulani kama ilivyo kwenye barua. Hiyo ya kukaimu ilimgusa kweli, maana aliona cheo chake kimeheshimiwa mle ndani.

Kwenye huduma za wanafunzi tulianza na transkripti tu, yaani karatasi ya matokeo yote ya mwanafunzi. Kabla ya hapo wazo la kwanza lilikuwa karatasi na mfumo viende pamoja kwa kila huduma, watumishi wakagoma kimya kimya na ni haki yao, utamfanyishaje mtu kazi moja mara mbili kwa mshahara ule ule.

Kilichowageuza wengi zaidi ni bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu ya wanafunzi. Bodi ya Mikopo inataka chuo kithibitishe nani kasajiliwa na nani kafaulu kuendelea, zamani orodha zinakusanywa idara kwa idara kwenye Excel, huku mtu kaandikwa majina mawili kule matatu, hela inakwama, wanafunzi wamejaa koridoni hawajala na maafisa ndo wanaotukanwa. Tulivyotoa orodha kwenye mfumo kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne badala ya jina, malalamiko yakapungua sana na wale waliokuwa wanatukwepa wakaanza kuuliza vitu vingine vinaingia lini.

Wapo waliokataa kwa sababu nyingine na siwezi kuficha. Transkripti ikichelewa kuna mtu anafuatwa pembeni kusukuma faili, sasa foleni ikionekana kwa wote hiyo njia inakufa. Huyo hata umheshimu vipi habadiliki, ilibidi msajili atoe waraka kwamba ombi lisilo kwenye mfumo halisainiwi, na waraka ulishika kwa sababu wengine wote walishakuwa upande wetu.

Sa hivi tuko kwa wahasibu. Malipo ya control namba yanaonekana kwenye mfumo lakini wao bado wanadai mwanafunzi alete risiti iliyoprintiwa ndo wamsainie fomu ya kumaliza chuo, wanauliza wakaguzi wa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakija watawaonyesha nini. Ni hoja ya maana, kwahiyo tumekubaliana nihamie ofisini kwao kwa muda, nikae na majalada yao kwanza.