Siku Moja Maishani Mwangu: Kati ya Seva Mbili Zisizojuana

Saa mbili asubuhi, kwenye kitengo cha kompyuta. Nakagua nakala rudufu za usiku, nafungua akaunti za waliosahau nywila, napunguza mzigo kwenye diski iliyojaa. Kazi hizi zikienda sawa hakuna anayejua kwamba zimefanyika.

Saa tatu na nusu, mkuu wa uhasibu anapiga. "Fundi, faili za mishahara hazijafika. Si folda tu hiyo? Ifungue."

Ni folda, kweli. Ila seva yetu inayotuma faili iko kwenye domeni moja, yaani kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa pamoja, folda ya kuzipokea iko kwenye nyingine, na ile domeni haiiamini yetu. Akaunti inayoheshimika hapa, kule ni mgeni asiye na kitambulisho.

Naanzia chini. Jina la seva linapatikana, poti 445, mlango wa mtandao unaopitisha faili za folda za pamoja, iko wazi, kwa hiyo njia si tatizo. Wenzetu wa upande wa pili wananifungulia akaunti ya kwao. Naingia nikitanguliza jina la domeni yao. Kosa 1219: kuna muunganisho wa zamani kwenye seva ileile kwa akaunti nyingine, na Windows haikubali zote mbili kwa pamoja. Naukata kwa net use, amri ya Windows ya kuunga na kukata miunganisho hiyo, naunganisha upya. Folda inafunguka.

Kusoma tunasoma. Kuandika, tunakataliwa.

Hapo ndipo siku ilipokwama. Folda ya pamoja ina ruhusa za ngazi mbili, za kushiriki folda mtandaoni na za folda yenyewe kwenye diski, na ukipitia mtandaoni ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Wenzetu wananitumia picha ya skrini: kila kitu kimeruhusiwa. Ni kweli, kwenye diski. Naomba waangalie upande wa kushiriki. Anayehusika yuko kikaoni. Simu inalia. Bado yuko kikaoni. Simu tena, na sasa kuna anayeshauri kila mtu apewe ruhusa zote, yaishe. Nimekataa katakata. Ni mishahara ya watu ile, na folda inayoachwa wazi "kwa leo tu" hukutwa wazi mwaka unaofuata.

Jua limeshazama jibu linapokuja: upande wa kushiriki palikuwa na ruhusa ya kusoma tu. Wamebadilisha. Natuma faili la majaribio, linaingia. Nalifuta, naanzisha kazi yenyewe, na faili za mishahara zinapita moja baada ya nyingine.

"Zimefika," anaandika mkuu wa uhasibu.

Macho yanawasha, lakini siondoki kabla sijaandika kila hatua kwenye kumbukumbu za kitengo, pamoja na tarehe ambayo nywila ya akaunti mpya itakwisha muda.