Ukuta Unaotoka Jasho

Nilivuka kutoka Wete, Pemba, kuja Unguja kwa harusi. Harusi ilikwenda vizuri. Kilichonikosesha usingizi ni nyumba.

Nilikuwa nimesifiwa hoteli moja njia ya Bububu, zamani nyumba ya shamba ya mabwana, sasa wanalala wageni. Nikapanda daladala la 502 pale Darajani. Mlangoni nikatozwa shilingi 20,000, kuingia pamoja na chai, na chai yenyewe ikaja vuguvugu, ya kijipakiti, bila hata iliki. Unguja hii, ya viungo!

Kijana aliyenitembeza akaniambia Bibi Salme, yule binti wa Sultani, alizaliwa humo. Nilisimama. Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, kwenye kasri la baba yake, na magofu yake nilikuwa nimeyapita muda si mrefu. Nikamweleza taratibu, akajibu ndivyo alivyofundishwa. Yeye simlaumu. Ila nyumba ile haikuwa na haja ya kuazima binti wa mfalme. Tazama vyumba vyake: virefu, vyembamba, kwa sababu dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka mbali. Mti wa pwani ndio uliompimia bwana upana wa chumba chake.

Uani nikamkuta mzee mmoja anabandua lipu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hebu lete mkono."

Akaubandika ukutani. Maji! Lipu ya saruji ilikuwa imevimba kama lengelenge. Alipoigusa kwa ncha ya mwiko ikaporomoka, na nyuma yake chumvi nyeupe, laini kama unga. Ndani zaidi likaonekana jiwe la matumbawe, na kombe dogo limenasa ndani yake, zima.

"Ukuta huu ulikuwa ukivuta pumzi," akasema. "Wameuziba pua."

Akanieleza kama anayemsemea mgonjwa. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini, kisha huutoa nje kwa upepo na jua. Saruji inaufungia ndani, chumvi inabaki kula jiwe. Babu yake alikuwa mchoma chokaa: matumbawe yanapangwa juu ya rundo la magogo, yanachomwa hadi yaive, yanamwagiwa maji, halafu chokaa inaachwa itulie kwa muda mrefu kabla ya kuguswa. Siku hizi, akasema, nani ana subira hiyo, na mfuko wa saruji upo dukani?

Sikumjibu. Mwaka jana mimi ndiye niliyetuma pesa za mifuko 12 ya saruji, nyumba ya bibi kule Wete ipigwe lipu mpya. Nilijiona nimefanya jambo la heshima.

Usiku nikampigia dada yangu. "Hebu weka mkono ukutani, upande wa kisimani."

Nikasikia ndara zake zikienda, zikasimama.

"Kaka, umerowa. Umeanza tangu Ramadhani, tukadhani mvua."