Watatu, Saa Tisini: Paris hadi Brest na Kurudi

Ndugu na jamaa walioko Tanga wamezoea kuniuliza ni nani aliyeshinda. Huwa nawajibu kwamba katika safari ya baiskeli ya Paris-Brest-Paris hakuna mshindi, na jibu hilo halijawahi kumridhisha mtu yeyote. Yalikuwa mashindano hasa mwaka 1891, pale Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal alipoyaanzisha na Charles Terront akawatangulia wote baada ya kuendesha kwa zaidi ya saa 71. Wanamichezo wa kulipwa walishiriki kwa mara ya mwisho mwaka 1951. Tangu hapo imebaki kuwa safari ya watu wa kawaida wanaopenda masafa marefu, chini ya chama cha Audax Club Parisien, na siku hizi hufanyika mara moja tu kila baada ya miaka minne. Unapewa kadi, unaigongesha muhuri katika kila kituo cha ukaguzi, na unatakiwa urudi ulikoanzia kabla muda wako haujakwisha. Wengi, na sisi tukiwamo, huchagua kundi la saa 90.

Sisi tulikuwa watatu, sote wakazi wa kaskazini mwa Uingereza: mimi, mwenzangu mmoja mzaliwa wa Mombasa, na mzee mmoja mwenyeji wa Yorkshire ambaye sote wawili tunamwita Mzee, naye akaipenda heshima hiyo mara tu alipofahamu kwamba si tusi. Ili kukubaliwa, kila mmoja wetu alilazimika kumaliza ndani ya mwaka huohuo safari nne za kufuzu: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27 na 600 kwa saa 40. Tuliziendesha kwa pamoja kuanzia mwishoni mwa baridi, nyingi zikiwa katika mvua, na sasa naamini kwamba shabaha ya safari hizo ni pana kuliko kuipima miguu. Katika kilomita 400 utajua ni nani kati yenu hununa akiwa na njaa, ni nani hawezi kupita mgahawa bila kusimama, na ni nani atakaa kimya saa nzima huku gurudumu lake likiishiwa upepo kwa sababu hataki kuwachelewesha wengine.

Mwaka 2023 njia ilikuwa na urefu wa kilomita 1,219, kutoka mji wa Rambouillet, kusini-magharibi mwa Paris, hadi bandari ya Brest kwenye bahari ya Atlantiki, kisha kurudi. Gawanya kwa saa 90 utapata wastani wa kilomita 13 na nusu kwa saa, mwendo ambao muuza maziwa mwenye madumu mawili nyuma ya baiskeli yake anaumudu bila kutokwa jasho. Udanganyifu wa hesabu umo hapohapo. Ukiendesha kwa kilomita 20 kwa saa, jambo ambalo si dogo katika njia yenye miinuko inayojumlishwa kufikia karibu mita 12,000, utakaa juu ya tandiko kwa saa 61, na zitakazobaki ni 29 za kula, kulala, kupanga foleni, kwenda msalani, kuziba pancha na kuitafuta baiskeli yako kati ya mamia yaliyoegeshwa. Kwa mtu mmoja saa 29 ni nyingi. Kwa watu watatu hupungua kwa namna ya ajabu, kwa sababu wa kwanza anapomaliza kula, wa pili ndiyo kwanza anaingia msalani, na wa tatu amekumbuka kwamba chupa zake hazina maji. Dakika 20 zikipotea hivyo katika kila kituo, na vituo ni kama 14 kwenda na kurudi, mtakuwa mmepoteza saa nne na dakika arubaini, ambazo ni usingizi mzuri wa usiku mmoja.

Kwa hiyo tuliweka makubaliano kabla ya kuvuka bahari kwenda Ufaransa, na Mzee, aliyewahi kuimaliza safari hii miaka ya nyuma, ndiye aliyeyatilia mkazo. Barabarani tambarare tungekwenda pamoja na kupokezana zamu ya kutangulia, ili aliye mbele awakingie upepo walio nyuma. Mlimani kila mtu angekwenda kwa mwendo wake. Kituoni tungetajiana saa ya kuondoka kabla hata ya kushuka kwenye baiskeli, na saa hiyo ikifika, aliye tayari ataondoka bila kuomba radhi wala kuombwa maelezo. Mwenzetu wa Mombasa aliliona sharti hilo kuwa la kikatili. Alisema kwao watu wakitoka pamoja hurudi pamoja. Sikumbishia, ila nilijua kwamba mapenzi ya namna hiyo yameshazimaliza safari nyingi za watu wazuri.

Tuliondoka jioni ya Jumapili, tarehe 20 Agosti, katika msafara wa washiriki zaidi ya 6,000 walioachiwa kwa mafungu. Usiku wa kwanza ni mzuri kupita kiasi: mbele yako kuna mstari wa taa nyekundu usio na mwisho, kila mtu amevaa fulana ya kuakisi mwanga kama sheria inavyotaka, na miguu bado haijui kinachoisubiri. Kulipokucha tulikuwa njiani kuelekea Villaines-la-Juhel, mji mdogo ambao siku hizo hugeuka kuwa sherehe, na watoto wa huko huwabebea waendesha baiskeli sinia za chakula hadi mezani.

Ukarimu huo haukomei vituoni. Magari ya kusaidia washiriki hayaruhusiwi kuwafuata njiani, ila wenyeji hawakatazwi kitu, na wao huweka meza nje ya nyumba zao usiku kucha wakiwa na kahawa, maji, keki na chapati nyembamba za Bretagne, eneo la magharibi mwa Ufaransa. Ukiuliza bei wanacheka. Baadhi yao huomba tu kwamba ukifika kwenu uwatumie kadi ya posta.

Usiku wa pili ndio uliotufanya tushukuru kuwa watatu. Usingizi juu ya baiskeli hautangazi ujio wake. Unashtukia umeshahama upande wa barabara. Kandokando ya njia kulikuwa na watu waliolala kwenye majani, wamejifunika mablanketi ya karatasi ya fedha, kwa kuwa baridi ya usiku wa Bretagne haijali kwamba ni Agosti. Yapata saa tisa usiku, mwenzetu wa Mombasa akapaza sauti: “Kitendawili!” Nikajibu: “Tega!” Akatega nyumba isiyo na mlango, na kuku aliyetagia mibani, na vingine vyote tulivyovijua tangu utotoni, na nilipovimaliza akaanza kuvibuni vipya, vingine bila jibu. Mzee hakuelewa neno, ila baada ya muda naye akawa anaitikia “Tega!” kwa sauti kubwa kuliko yangu. Tulikuwa na kahawa na vidonge vya kafeini mfukoni, lakini nasema bila kusita kwamba kilichotufikisha alfajiri ni vitendawili.

Kuelekea Brest njia hupita katika vilima vya Monts d'Arrée, ambavyo vilele vyake havifiki mita 400, na bado vilituchosha, kwa sababu tulivikuta pamoja na upepo wa mbisho. Kisha ukaja mteremko mrefu, daraja la zamani la Albert-Louppe, na bahari. Tulipiga picha, tukagonga mihuri, tukageuka.

Wakati wa kurudi, huko Tinténiac, tumbo la mwenzetu wa Mombasa lilikataa chakula kabisa, na zilikuwa zimebaki zaidi ya kilomita 300. Makubaliano yetu yalisema twende. Mzee akaondoka kwa saa iliyotajwa, na wasomaji wanaomwona hana huruma wafikirie hili: yeye ndiye aliyekuwa mzito kuliko sote mlimani, hivyo kila dakika aliyosubiri ingemgharimu zaidi kuliko sisi. Mimi nilibaki, kwa kuwa hesabu yangu iliniruhusu. Nilimwacha ndugu yangu alale saa moja na nusu, kisha nikamlisha kidogokidogo supu, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi na soda iliyokwisha gesi. Alipopanda tena baiskeli nilitangulia mimi mwendo wote hadi Fougères bila zamu, naye hakusema lolote, jambo ambalo kwake ni ishara ya ugonjwa mkubwa.

Tulimkuta Mzee baada ya Villaines, anapanda kilima taratibu, gia ndogo, kichwa chini. Mwenzangu alimfikia kimyakimya na kumpigia kelele ya kitendawili sikioni, na Mzee nusura aanguke mtaroni.

Tuliingia Rambouillet Alhamisi asubuhi, sote watatu tukiwa ndani ya muda, ingawa muda wenyewe haukuwa wa kuchezea. Mara ijayo ni Agosti 2027. Anayefikiria kwenda asisubiri mwaka huo ufike, kwa sababu nafasi za kujiandikisha mapema hutolewa kwanza kwa waliomaliza safari ndefu zaidi mwaka unaotangulia, na safari nne za kufuzu hubaki palepale. Mwenzangu wa Mombasa ameshaniandikia kuniuliza ratiba. Mzee anasema magoti yake yatatoa uamuzi kwa niaba yake.